Maelezo Mengine

Daktari, fomu yako ina visanduku thelathini na kimoja.
Cha mwisho kimeandikwa: Maelezo mengine, si lazima.
Nimekijaza mara nne, mara nne mtandao umekitapika,
basi naandika huku, nyuma ya daftari la chanjo,
ambalo halijawahi kuniuliza kama nimeunganishwa.

Hapa Ndau mawimbi ya simu hayakai zahanatini.
Yanakaa juu ya jabia la zamani, pembe ya kusini,
hatua tatu kutoka kwenye ufa.
Ukipiga ya nne umeyapoteza.
Watoto wamechora duara pale kwa mkaa,
wameliita Malindi, kwa kuwa ndiko uliko wewe,
na nikitoka na kishikwambi nimekifunika kwa leso
hupigiana kelele: Sista Mwanapili aenda Malindi!
Naenda. Narudi. Sijavuka maji.

Jumanne nilikwenda Malindi mara sita.
Nilikuletea kisigino cha mzee Bunu Avani,
picha tatu, na rula kando ya kidonda kama mlivyotufunza.
Nilikuletea upele wa mtoto wa Shekuwe.
Nilikuletea presha ya Zuhura binti Kale,
mimba ya wiki thelathini na nne:
mia na sitini na nane juu ya mia na kumi,
na macho, alisema, yanaona vimulimuli mchana.

Asilimia arobaini. Sitini na mbili.
Sitini na mbili.
Nikakiinua kishikwambi juu ya kichwa
kama mtu aliyekuja kuanika nguo asiione kamba.
Sitini na mbili.
Mnara wa ng'ambo, nilikuja kuambiwa, uliishiwa dizeli.

Zuhura alikuwa benchini, viatu mkononi,
maana miguu ilikataa kuingia.
Hakuuliza daktari kasemaje.
Aliuliza, "Huko Malindi kuna mvua?"

Jibu sikuwa nalo. Sindano nilikuwa nazo,
na karatasi ya ukutani iliyoliwa na chumvi, yenye mchoro wa nyonga.
Nusu kushoto, nusu kulia. Mkono wangu ulitetemeka, yeye hakutetemeka.
Boti ya Shee Lali ina injini ya farasi arobaini
na deni la petroli lisilokwisha;
nikaandika jina langu chini ya deni,
wakaondoka kwenda Faza.

Ijumaa, watu wakitawadha,
kishikwambi kikatetemeka chenyewe mezani,
mahali ambapo hakijapata kutetemeka tangu kiletwe.
Majibu yako matatu yalishuka pamoja,
kama wageni waliofika arusini turubali likikunjwa.
La kwanza: Picha haionekani, piga tena.
Mzee Bunu yuko Kiwayu kwa bintiye, na kisigino chake.
La pili: Endelea na dawa uliyoanza.
Dawa ipi? Sikuanza kitu. Upele umeondoka bila kuaga.
La tatu, neno moja:
Usisubiri.

Nikatazama saa yake.
Jumanne, saa sita na dakika saba mchana.
Kumbe nambari zilifika, picha ndizo zilizokwama.
Kumbe ulijibu hata sijashuka jabiani.
Neno lako lilikaa siku tatu sijui wapi,
likisubiri
kuja kuniambia nisisubiri.

Shee Lali alikuwa amerudi Jumatano, habari kinywani:
mtoto wa kike, kilo moja na nusu na ushee,
analia kuliko uzito wake.
Mama anaona mtu mmoja kama mtu mmoja.

Sasa fomu haitaki kufungwa.
Kisanduku cha ishirini na tisa kinauliza:
Je, ushauri wa daktari ulifuatwa? Ndiyo. Hapana.
Hakuna pa kusema ulifuatwa kabla haujafika.
Nimesimama ndani ya mkaa wa watoto,
nimegusa Ndiyo.
Linazunguka.

Glavu za saizi ndogo zimekwisha.